Mkanda wa Mayai Manne

Naanza na la aibu mwenyewe kabla hajanitangulia mtu: mimi nimewahi kuatamia mayai. Sisemi kutotolesha kwa mashine, hilo kila mwenye simu siku hizi anajidai analiweza. Nasema kuatamia. Kwa tumbo langu, siku mbili kamili, nimekaa barazani na mayai manne kiunoni, na watu wazima wenye kazi zao wakizunguka mtaa mzima ili tu wapite pale nilipo. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele utakuwa na kazi ya kunidharau, na mtu hawezi kufanya yote mawili vizuri.

Kazi yangu ni punda. Nabeba mchanga, mawe, saruji, na makabati ya watu wanaodhani kabati lolote linapita uchochoro wowote. Punda wangu ana akili kuliko wateja wangu, na hilo ndilo lililoniponza. Punda anayejua njia humtia ujinga bwana wake. Yeye anatembea mbele, mimi nyuma natizama simu.

Asubuhi hiyo alikuwa na magunia mawili ya mchanga, na mimi nilikuwa namtizama jamaa mmoja wa kwenye video akifundisha jinsi ya kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga nyumbani. Wiki nzima nilikuwa naye. Jamaa anaongea kama alizaliwa ndani ya yai na anakumbuka. "Rafiki yangu mfugaji," anasema. Mimi sikuwa na kuku hata wa kukopa, lakini kila akisema hivyo nahisi nimeitwa. Nikajiona tayari nawauzia vifaranga watu wa mahoteli kule Manda, nimevaa miwani.

Punda akasimama. Punda wangu hasimami ovyo. Nikainua macho.

Alikuwa amemkanyaga kuku. Na kati ya kuku wote wa kisiwa chetu cha Amu wanaozurura bila adabu, alikuwa amemkanyaga kuku wa Bi.

Bi ni jirani yetu, nyumba yake na yetu zinaegemeana ukuta mmoja. Ni mjane. Mumewe alikuwa mtu wa kuchi, na kama hujui kuchi, ni kuku mrefu wa miguu na shingo, anasimama wima kama askari siku ya sikukuu, na anakutizama kama vile wewe ndiye uliyeingia bandani kwake. Watu walikuwa wakipanda mashua kutoka Pate kuja kumwomba mzee yule yai moja tu, na mzee anawapa kahawa, anawapa tende, yai hawapi. Alipokufa aliacha jogoo mmoja na mtetea mmoja. Jogoo naye akafa kwa uzee wake. Akabaki mtetea peke yake, akamalizia kutaga mayai tisa chini ya ngazi ya Bi, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuyalalia. Alikuwa ametoka kidogo kunywa maji.

Bi akatoka mlangoni.

"Ni nini hiyo?"

"Ni punda, Bi."

"Punda namuona. Nauliza hiyo ilo tini ya punda."

Kuku mwenyewe hakufaa hata mchuzi, maana alikuwa amekufa bila kisu. Bi akamwokota kwa mikono miwili, akampangusa mchanga kwenye miguu ile mirefu. Hakupiga kelele. Na Bi asipopiga kelele ujue mambo ni mazito.

"Hii ndiyo mbegu ya mwisho ya marehemu," akasema. "Mayai tisa yako mle ndani. Yasipotoka haya, imekwisha. Hakuna nyengine Amu, hakuna Pate, hakuna popote."

Sasa, mtu mwenye akili hapo angefanya jambo moja jepesi. Mkabala na nyumba ya Bi yuko fundi wa nguo, na chini ya cherehani yake, kwenye kapu la vipande vya kitambaa, kulikuwa na kuku wake aliyeshikwa na kuatamia. Hana mayai, fundi ameyala yote, lakini kuku hajali, amekaa juu ya vipande vya suruali za watu wiki nzima, mtu akipeleka mkono anadonolewa. Fundi akatoa kichwa mlangoni, pini mdomoni.

"Bi, yalete hapa. Huyu wangu anatafuta kazi. Siku ishirini na moja, umepata vifaranga vyako."

Ulimi wangu ukanitangulia. Nikamwambia, "Bwana fundi, dunia imekwenda mbele. Kuku asiyejua tofauti ya yai na mfuko wa suruali ndiye akabidhiwe mbegu ya marehemu?"

Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Kosa langu maishani ni hilo, watu wakicheka nasahau nilikuwa nasema nini. Nikaendelea. Nikamwambia Bi nina mashine. Sikuwa na mashine. Nilikuwa na sanduku.

"Umepata kutotolesha wewe?" Bi akaniuliza.

"Nimetizama zote, Bi."

"Zote nini?"

"Video."

Fundi alicheka mpaka akatema pini. Bi hakucheka. Akasema, "Haya. Uliyevunda ndiwe utakaounga. Lakini mato yangu yako kwako." Yaani aliyevunja ndiye aunge. Akaniletea mayai tisa kwenye bakuli, yamefunikwa leso, na namna alivyonikabidhi bakuli lile, hata maiti hukabidhiwa kwa haraka zaidi.

Basi nieleze hiyo mashine, ili ujue kichwa gani kilikuwa kinafanya kazi. Sanduku lilikuwa lile jeupe jepesi la kuwekea samaki na barafu. Nililiosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mchanga, na bado ukilifungua unakaribishwa na samaki changu wa mwaka juzi. Ndani nikafunga balbu. Balbu ya kwanza ilikuwa hizi za kisasa, inawaka nyeupe kama hospitali na ukiishika ni baridi kama moyo wa mwenye nyumba. Ikawaka siku nzima, sanduku halikupata joto hata la kumkera nzi. Nikazunguka mji kutafuta balbu ya kizamani, ile yenye waya ndani inayounguza vidole, nikaipata kwenye stoo ya nyumba ya wageni, imefungwa gazeti. Chini nikaweka mkebe wa maji ya kisima ili mayai yasikauke. Maji ya kisima chetu yana chumvi, siku ya tatu mkebe ukafanya ukoko mweupe ukingoni. Yule jamaa wa video hakusema kitu kuhusu chumvi. Huko kwao maji hayana tabia.

Kilichobaki kilikuwa kipimo cha joto. Yule jamaa alisema joto la sanduku licheze kati ya thelathini na saba na nusu na thelathini na nane. Mimi darasa la nane nilimaliza, najua thelathini na nane ni nini: ni homa. Nikaenda kwa Sista, nesi kutoka bara aliyepanga chumba cha juu kwa fundi. Nikamwomba kipimo cha homa. Alikuwa na kimoja cha zamani, cha kioo, chenye zebaki ndani. Akasema siku hizi anatumia cha betri.

"Nani mgonjwa?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Sasa ya nini?"

"Nakitaka tu, Sista."

Sikumwambia. Niliona nikimwambia atanipa mawaidha, na kesho vifaranga vikitoka atasema ni vyake. Watu wa bara ukiwapa nafasi ya kukusaidia, wanakusaidia mpaka unakuwa mgeni kwako. Hivyo ndivyo nilivyofikiria. Kumbe maneno mawili tu ya Sista siku hiyo yangeniokoa, na mimi mwenyewe niliyafungia mlango.

Nikaweka kipimo ndani ya sanduku, nikawasha balbu ya kizamani, nikangoja. Zebaki ikapanda, ikapanda, ikafika thelathini na nane, ikatulia. Ikatulia kabisa, kama sheikh amekaa kwenye zulia. Nikayapanga mayai tisa. Siku ya kwanza hiyo.

Yule jamaa alisema mayai yageuzwe mara tano kwa siku, na akashauri uweke kengele kwenye simu usije ukasahau. Hapo nilimcheka mimi. Kwetu mtu aweke kengele ya kazi gani? Adhana tano, misikiti kila kona, hata ukitaka kusahau hawakuachi. Kila yai nilichora alifu upande mmoja kwa kalamu ya risasi. Alfajiri alifu iko juu, Adhuhuri iko chini, Alasiri juu, Magharibi chini, Isha juu, na kesho yake Alfajiri inaanzia chini. Naswali, nageuza. Hili Bi alilipenda. Ndilo pekee alilolipenda. Alikuja siku ya pili, akasimama mlangoni pangu na pua ameiziba kwa buibui, akasema, "Alau mayai yanakusalisha."

Siku ya saba nikaalika watu. Kweli, nilialika, kama harusi. Nikafunga madirisha, nikajifunika shuka, nikamulika yai moja moja kwa tochi ya simu, na Bi yuko pembeni kwenye kigoda. Sita yalikuwa na mishipa myekundu ndani, imetawanyika kama mizizi, na katikati doa linalotikisika. Matatu yalikuwa meupe matupu.

"Hayo matatu ni ya baada ya jogoo kufa," Bi akasema. "Usiyalaumu." Halafu akaniomba nimmulikie tena lile la kwanza. Nikammulikia. Akalitizama sana, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo nilipopata wazimu kamili. Sita yenye uhai! Nikawa siwezi kupita mbele ya fundi nikanyamaza. "Bwana fundi, yule mkeo wa kwenye kapu amezaa suruali ngapi?" Kila siku. Mpaka fundi akachoka, akamshika kuku wake akamtosa kwenye ndoo ya maji mara tatu, maana ndivyo kuku anavyoachishwa kuatamia ukiona hana faida. Kuku akatoka kwenye ndoo amelowa, hasira imemwisha, akaenda zake kutafuta mende. Nilicheka siku hiyo mpaka punda akanigeukia.

Siku ya kumi na mbili, baada ya Adhuhuri, stima ikapotea, umeme wote. Mji mzima. Watu wakaanza kulalamika, mimi nikakaa barazani nimekunja nne. Nikawaeleza: sanduku hili linashika barafu siku mbili baharini, lishindwe kushika joto? Nikaingia nikatizama kipimo: thelathini na nane. Alasiri: thelathini na nane. Magharibi ile ile. Asubuhi yake stima bado haijarudi, nikafungua: thelathini na nane! Wallahi nikatoka nikatangaza kwamba mimi na wenye stima tumeachana kwa amani. Nikasema mashine yangu inajitegemea. Nilisema hivyo mbele ya watu kama wanane, na nikarudia kwa mtu wa tisa aliyechelewa.

Sista akapita, anatoka kazini, mkoba begani. Akasikia. "Mashine gani inajitegemea? Hebu nione."

Nikamwingiza kwa madaha. Bi naye akaingia nyuma yetu. Sista akafungua sanduku, akapeleka mkono.

"Mbona baridi?"

"Sista, mkono unadanganya. Tizama kipimo."

Akakitoa. Akakitambua. Akanitizama mimi, akakitizama kipimo, akakikung'uta mara tatu kwa nguvu kama anafukuza nyuki, halafu akakirudisha ndani, tukangoja. Kikabaki chini kabisa. Hakikupanda hata mstari mmoja.

"Wewe kijana," akasema, "hii ya homa inapanda tu. Haishuki yenyewe mpaka uikung'ute. Hiyo thelathini na nane umekuwa ukisoma ni ya lini?"

Nikahesabu. Nilihesabu ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Ya siku ya kwanza."

Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Siku kumi na tatu nilikuwa nafungua sanduku mara tano kwa siku na kusoma habari za zamani, kama mtu anayepokea salamu za marehemu na kuzijibu.

Bi akasema, "Yako hai?"

Nikajifunika shuka, nikamulika. Mawili yalikuwa yametulia, damu imejikusanya upande mmoja kama pete. Manne yalikuwa na kitu cheusi ndani, na kitu hicho kilisogea. Polepole, kivivu, kama mtu anayeamshwa daku hataki. Lakini kilisogea.

"Manne," nikasema.

"Basi fanya haraka," Bi akasema.

Nikachemsha maji, nikatia kwenye chupa, nikapanga sandukuni. Kipimo, sasa nakikung'uta kama mwendawazimu, kikaruka mpaka arubaini na moja. Nikatoa chupa. Kikashuka hakionekani. Nikarudisha. Arubaini na moja. Sista akasema, "Hivyo utayala na chumvi." Nikatoka mbio kwa fundi. Nilivuka kile kichochoro nikijua ninachokwenda kukutana nacho.

"Bwana fundi, naomba yule kuku wako."

Fundi hakuinua kichwa kwenye cherehani. "Yupi? Yule mzazi wa suruali?"

"Huyo huyo."

"Si nilimtia maji juzi. Ulikuwepo. Ulicheka." Akakata uzi kwa meno. "Yule pale, anafukuzana na majogoo. Mwambie wewe, mna lugha moja."

Nikarudi mikono mitupu. Sista bado amesimama pale na kipimo, amechoka, ana njaa, lakini hajaondoka. Akaniambia inua mkono, akanitia kipimo kwapani, nikadhani ananitania. Tukangoja. Akakisoma, akanyanyua nyusi.

"Thelathini na saba kasoro kidogo," akasema. "Si ndiyo hii joto ulikuwa unatafuta? Umetembea nayo wiki mbili."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikaomba Mungu Bi asielewe. Bi alikuwa ashaelewa, ashafungua mlango, anamwita fundi aje na utepe wa kupimia.

Sitakaa nisahau kupimwa kule. Fundi alinizungusha utepe tumboni, mbele ya mlango, mchana kweupe, polepole kuliko alivyowahi kumpima mteja anayelipa. "Vuta pumzi. Toa. Nikuachie nafasi ya kukua?" Nikavuta, nikatoa. "Mwezi wa ngapi huu?" Alinishonea mkanda wa vipande vya kitambaa cha kanzu, una mifuko minne midogo, mlango wa kila mfuko unafungwa kwa kifungo. Ulikuwa mkanda mzuri. Hilo nitamkubalia mpaka kufa: mkanda ule ulikuwa mzuri, mishono miwili miwili, na vipande laini alivitoa kwenye kapu la kuku wake. Mayai manne yakalala kwenye tumbo langu, kikoi juu yake, na leso ya Bi juu ya kikoi.

Siku mbili. Punda nikamfunga, naye akawa anachungulia mlangoni na uso wa mtu aliyelipwa deni. Siwezi kuinama, siwezi kubeba, siwezi kulala ila nimejiegemeza ukutani na mito kila upande. Msikitini nilikwenda mara moja, nikasimama kwenye safu, jirani yangu wa kulia akanibana bega kwa bega kama inavyotakiwa, nikasikia kiwiko chake kinakaribia mfuko wa tatu. Swala hiyo sijui niliswali nini. Zilizobaki nikaziswali nyumbani. Na adhana ikilia nafungua vifungo, nageuza, alifu juu, alifu chini.

Mateso yenyewe yalikuwa mdomo. Watu wote niliowahi kuwakejeli Amu, na si wachache, walikuja kulipa. Mmoja aliniletea mtama kwenye kiganja. Mwengine aliniuliza kama nataga kwa oda. Nilikuwa na majibu, tena mazuri, mengine mpaka leo yananiuma sikuyatoa. Lakini mimi nikisema la kuchekesha hucheka wa kwanza, na nikicheka tumbo linaruka. Nikakaa kimya siku mbili. Mama yangu aliuliza kama ni hayo mayai au nimepatwa na kitu.

Bi aliniletea uji wa pilipili manga, ule wa mzazi, kwenye bakuli lile lile la mayai. "Kunywa," akasema. "Mtu aliokaa kama wewe hali wali mkavu." Akakaa karibu yangu. Sikujua kama ananidhihaki au ananihudumia, na nadhani kwake hakukuwa na tofauti. Akanieleza kwamba marehemu alikuwa akiyaweka mayai sikioni siku za mwisho, anasikiliza, anatabasamu, hamwambii mtu alichosikia. Watu watapenda niseme kwamba nami nilihisi vifaranga vikicheza tumboni. Sikuhisi kitu. Nilihisi joto, mwasho, na uji.

Stima ikarudi. Nikayarudisha sandukuni, kipimo nakikung'uta kila saa, nikatoboa matundu, nikaziba, nikatoboa, mpaka ikashika. Siku ya kumi na nane nikaacha kugeuza, kama inavyotakiwa. Adhana inalia na mikono yangu haina kazi.

Siku ya ishirini na moja, kimya. Watu walikuja, wakasimama, wakaondoka. Fundi akasema labda yanangoja kubembelezwa. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Fundi hakusema kitu siku hiyo, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake yote. Sista akasema mayai yaliyopigwa na baridi huchelewa, yanaweza kuchelewa, akarudia "yanaweza" mara mbili, nikajua anasema hivyo hivyo kwa watu wenye wagonjwa.

Siku ya ishirini na tatu Bi alikuja baada ya Alasiri. Hakuuliza. Akakaa chini mbele ya sanduku, buibui kaliacha, harufu ya samaki hakuijali tena. Akafungua, akachukua yai moja, akaliweka sikioni. Akafumba macho. Nikamwangalia usoni, na sijawahi kuogopa uso wa mtu vile, hata uso wa mwalimu wa hesabu. Akalirudisha. Akachukua la pili. Akaliweka sikioni, akakaa nalo.

"Lagonga," akasema.

Usiku haujaingia, la pili likapasuka. Kabla ya Isha, la kwanza. La tatu lilitoboa tundu dogo, mdomo ukaonekana, halafu ukaacha kuonekana. La nne halikusema kitu kamwe. Vifaranga viwili, vimelowa, vibaya sana, kama vidole vilivyotoka kwenye maji ya kufulia. Lakini vilipokauka vikasimama, na miguu ikaendelea kwenda juu kuliko nilivyotegemea. Bi akakishika kimoja, akakipima muundi kwa kidole chake.

"Miguu ya nyumbani hii," akasema. Halafu akajifuta macho, akasema ni mavumbi. Nyumba yetu sawa, ina mavumbi. Nikamwachia.

Kesho yake nikavipeleka kwa Bi kwenye kapu la fundi, kwa heshima zote, nikapita katikati ya mtaa taratibu ili kila mtu aone. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na sehemu ya kumsamehe fundi, na sehemu ya kumwonya yule jamaa wa video, na mwisho wake nilikuwa natangaza mashine ya pili, kubwa zaidi. Nikaviweka chini ya ngazi, pale pale alipokuwa akilala mama yao. Nikakohoa. Vifaranga vikatoka chini ya ngazi, vikaja mbio na miguu yao mirefu, vikasimama juu ya ndara zangu, vikanitizama kama vile mimi ndiye nimeingia bandani mwao.

Nikavirudisha. Vikarudi kwangu. Fundi alikuwa amesimamisha cherehani yake.

Bi akavitizama, akanitizama mimi, akanyoosha kidole kwenye ua wake, pale penye mchanga na majani makavu.

"Kuatamia ni nusu ya kazi, mwanangu," akasema. "Kesho uye mapema, uwafunde kupekua mchanga. Na simu ibaki kwenu."